Mbao Haisahau Maji

Paukwa!

Pakawa.

Basi palikuwa na meza. Leo hakuna sungura wala fisi, mtanisamehe. Ni meza, na kisa chake kilitokea Dodoma, katika nyumba ya mama mmoja mtumishi wa serikali. Mama huyo alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kwamba ofisi zake zinahamia makao makuu, na zamu yake ilipofika akafunga mizigo kama wenzake.

Meza yenyewe haikuwa ya kulia, ilikuwa ya kusimamia. Ndefu, nzito, inakaa katikati ya jiko pande zote nne zikiwa wazi, ili mmoja akate mchicha huku na mwingine asukume chapati kule bila kupigana vikumbo. Wauzaji wa nyumba za kisasa huiita kisiwa. Mama aliichongesha kwa mbao za mtiki, akailipa kidogokidogo, akaipenda kuliko makochi ya sebuleni. Siku ya kuhama alisimama mwenyewe kando ya fuso mpaka akaona imezungushiwa magodoro.

Ikafika salama, haina hata mkwaruzo. Mwezi wa Sita ukapita, wa Saba ukapita, upepo wa Dodoma unavuma na vumbi lake. Usiku mmoja wa mwezi wa Nane, watu wote wamelala, jikoni kukasikika: paa!

Mtoto wa mwisho alijifunika shuka gubigubi akasema ni jini. Dada yake, wa darasa la sita, akasema jini gani, ni paka kaangusha sufuria. Asubuhi sufuria zote zilikuwa mahali pake. Lakini kwenye uso wa meza ulikuwepo ufa, umeanzia ukingoni na kutambaa hadi karibu na katikati, na sarafu ya shilingi mia iliingia humo ikasimama.

Nani aliipiga? Hakuna aliyeipiga. Ilijipasua yenyewe, na ilikuwa na haki.

Turudi nyuma kidogo, wakati meza ilipokuwa mti. Mtiki si mti wa asili ya kwetu. Kwao ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Huku ulipandwa tangu zama za Wajerumani, na leo yapo mashamba makubwa ya serikali, kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Jani lake ni pana na gumu, ukilisugua kiganjani linakwaruza. Na kama mti wowote ulio hai, mtiki hunywa. Maji hupanda kutoka mizizini mpaka kwenye jani la juu kabisa, na njia yake imo ndani ya shina, katika vijia vyembamba mno visivyoonekana kwa macho, vimesimama vimebanana kama mirija ya soda iliyofungwa kwa kamba fungu moja. Ishikeni hiyo mirija kichwani, maana kisa chote kimo humo.

Mti ukikatwa, maji yake huwa mahali pawili. Yapo yaliyo ndani ya mirija. Hayo huondoka bila fujo: ubao unakuwa mwepesi, lakini upana wake ni uleule. Halafu yapo yaliyonyonywa na kuta za mirija yenyewe, kuta zikavimba nayo. Yale ya kwanza yakiisha, ubao hubaki na maji kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Kuanzia hapo, kila tone linalotoka linatoka ukutani, na kuta zinanywea. Mirija yote ikinywea, fungu zima linakuwa jembamba.

Je, linakuwa fupi pia? Fikirini kabla sijajibu.

Karibu na hapana. Urefu wa ubao hupungua kidogo sana, hata futi ya fundi haiwezi kuuona upungufu huo. Upana ndio unaopungua. Na ubao ukishakauka haujamaliza kazi: ukiwekwa penye hewa yenye unyevu utanyonya na kupanuka, ukiwekwa penye hewa kavu utatema na kusinyaa. Uuchonge, uupake vanishi, ukae miaka mia, bado unanyonya na kutema. Vanishi huuchelewesha tu.

Sasa mnaanza kuona. Dar es Salaam iko mlangoni mwa bahari. Ubao uliokaa katika hewa ya pwani hutulia ukiwa na maji karibu asilimia 15. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za miezi michache, kiangazi chake ni kirefu na kikavu. Huko ubao huohuo hushuka hadi karibu asilimia 10. Tofauti ni tano tu, mtasema. Lakini kwenye uso wa meza wenye upana wa sentimita 80, hiyo tano ni kama milimita sita.

Meza ilitaka kusinyaa milimita sita. Aliyeitengeneza alikuwa ameugandisha uso wake kwenye fremu kwa gundi na skrubu pande zote, akaukaza kabisa. Na chini ya uso huo kulikuwa na mbao za fremu zilizolala kwa kukatiza: urefu wake umeelekea kule ulikoelekea upana wa meza. Urefu, tumesema, haupungui. Kwa hiyo uso unavuta kuingia ndani, fremu inakataa, uso unavuta, fremu inakataa, wiki hadi wiki, mpaka siku nguvu ikashinda. Paa! Ingeweza kuwa mchana vilevile. Ila mchana kuna redio na bodaboda, nani angesikia?

Mwezi wa Tisa Mjomba akaja. Huyu ni kaka yake Mama, alisomea useremala chuo cha ufundi cha VETA, na ni mtu asiyeweza kupita karibu na kiti bila kukigeuza kuangalia chini yake. Aliinama chini ya meza na tochi, akakaa huko muda, akatoka akicheka.

"Dada, mbao zako ni nzuri sana. Zimefungwa vibaya tu. Tutaiunda upya hapahapa, na hawa watanisaidia."

Mama alitaka kujua kwa nini asinunue mbao mpya. Mjomba akasema mbao mpya ni za kazi gani, hizi zimeshaizoea hewa ya Dodoma, na hilo ni nusu ya kazi. Nami namuunga mkono. Watu huchagua mbao kwa rangi na kwa jina, mninga, mvule, mtiki, na wachache huuliza imekauka wapi na kwa muda gani. Mninga, kweli, ni mbao tulivu isiyochezacheza sana. Lakini hata mninga uliopasuliwa juzi utakuaibisha.

Kabla ya kushika msumeno, Mjomba aliagiza maboksi. Yale ya kuhamia yalikuwa bado stoo. Wakayapanga katikati ya jiko mpaka yakawa na ukubwa wa meza, wakayafunga kwa selotepu, kisha akawaambia wapike hivyo siku mbili, bila meza. Jiko lilikuwa na upana wa mita 3.2. Makabati ya ukutani yalichukua sentimita 60. Meza ya zamani, yenye upana wa 80, iliacha njia ndogo: mlango wa friji ukifunguka, mtu mwingine hapiti. Wakapunguza boksi hadi sentimita 70. Hapo upande wa jiko la gesi ikabaki mita moja kamili, na upande wa mlango sentimita 90. Mtoto wa mwisho akapewa kazi ya kuzunguka na sufuria tupu, akisema "moto, moto!", na kila alipogusa kitu kwa kiwiko walitia alama. Ukiniuliza mimi, hakuna chombo cha useremala kinachoshinda boksi tupu, na haliuzwi.

Halafu urefu wa kwenda juu. Vitabu vingi vitakwambia sentimita 90, na kwa watu wengi si mbaya. Mjomba hakutaka vitabu. Alimsimamisha Mama bila viatu, akamwambia akunje mkono kama anayeshika kisu, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: sentimita 101. Akatoa 13, ikabaki 88.

"Mbona unatoa, Mjomba?" binti akauliza.

"Kwa sababu, mama, kisu kinakatia chini ya kiwiko. Meza ikiwa sawa na kiwiko, utakata vitunguu umeinua mabega, na jioni shingo itakuuma. Na unga je? Ukikanda unga unasukuma kwa mwili mzima, kwa hiyo afadhali meza iwe chini kidogo kuliko iwe juu."

"Na sisi wafupi?"

"Nyinyi mtachongewa kigoda. Mtarefuka, meza haitarefuka."

Bibi, aliyekuwa mgeni pale nyumbani, akauliza mbuzi ya nazi itawekwa wapi juu ya meza hiyo. Akajibiwa kwamba mbuzi itabaki sakafuni, na anayekuna ataikalia kama kawaida. Bibi akaridhika, akarudi kwenye mchele wake.

Kazi ikaanza uani, chini ya mwarobaini. Mjomba aliufungua uso wa meza, akaupasua kwa kufuata ufa na mistari ya gundi ya zamani, akapata mbao tano nzuri. Yeye ndiye aliyeshika msumeno wa umeme, watoto wakiwa mbali. Wote walivaa barakoa, kwa sababu vumbi la mtiki huwasha pua na ngozi. Kisha akawapanga wasome vichwa vya mbao.

Ndiyo, vichwa vya mbao husomeka. Ukitazama ubao pale ulipokatwa mwisho utaona mistari iliyopinda. Ile ni miduara ya mti, na upinde wake unakuonyesha moyo wa mti ulikuwa upande gani. Ubao ukikauka, miduara ile hutaka kunyooka, kwa hiyo ubao nao hukunjika ukingo na ukingo. Kwa kusoma kichwa unajua utapindia wapi kabla haujapinda. Penye mistari iliyosimama wima, ubao husinyaa karibu nusu ya ule wenye mistari iliyolala. Mbao za namna hiyo zilikuwa mbili, Mjomba akaziweka pembeni, moja kila upande. Mafundi wengine hawajali hilo na meza zao zinasimama. Mimi ningejali.

Kuranda ndiko kulikochukua muda. Randa ya mkono ina ulimi wa chuma, na mtiki una mchanga laini ndani yake unaoula ukali wa chuma hicho, kwa hiyo jiwe la kunolea lilikuwa kando muda wote. Watoto walifundishwa kuufuata mwelekeo wa nyuzi. Ukiranda unakoelekea uzi, unyoya wa mbao hutoka mrefu, unajikunja, unanukia. Ukienda kinyume, randa inaruka na kung'oa vipande. Huhitaji kuambiwa mara mbili, mkono wenyewe unajua.

Kingo za mbao ziliporandwa, zikafutwa kwa kitambaa chenye asetoni. Mtiki una mafuta yake ya asili, ndiyo yanayoufanya usiogope maji wala mchwa kwa haraka, lakini gundi haiyapendi. Ukishafuta, usiende kunywa chai. Paka gundi hapohapo. Jiriwa za kutosha hazikuwepo. Mjomba akapigilia vipande viwili vya mbao juu ya ubao mrefu, kimoja kila upande, akaziweka zile mbao tano katikati, kisha akagonga kabari zinazokutana, moja ikiingia kulia na nyingine kushoto. Kila kabari ikiingia, mbao zinabanana, na gundi inachomoza juu ya mstari kwa vitone vidogovidogo. Vitone vikitokea mstari mzima, gundi inatosha. Wakaziacha mbao zimebanwa hivyo hadi kesho yake.

Fremu sitawachosha nayo. Miguu minne ya inchi tatu kwa tatu, mbao za kuiunganisha juu, na rafu ya vipande chini ya kuwekea unga na sufuria kubwa. Kila kiungo kilikuwa cha tundu na ulimi: mguu unatobolewa tundu kwa patasi, mwisho wa ubao unachongwa ulimi, ulimi unaingia kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mbao. Ukiingia kwa kusukumwa na kidole umelegea, ukihitaji nyundo nzito utaupasua mguu. Unene wa ulimi ni kama theluthi moja ya unene wa ubao wake. Kabla ya gundi waliiunga yote kavukavu na kupima kona kwa kona. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kona za fremu ni pembe mraba. Binti alitaka ushahidi zaidi, akapima sentimita 30 upande mmoja wa kona, 40 upande wa pili, na kutoka alama hadi alama akapata 50. Waashi wakipanga msingi wa nyumba hutumia hesabu hiyohiyo, na walimu wa hisabati huiita ya Pythagoras.

Sasa tumefika mahali ambapo meza ya kwanza ilishindwa. Uso utashikwaje kwenye fremu, usiteleze wala kunyanyuka, lakini upewe ruhusa ya kutembea?

Mjomba alichonga vibanio vidogo vya mbao, kila kimoja na pua yake. Upande wa ndani wa fremu akachimba mfereji. Kibanio kinafungwa kwa skrubu kwenye uso wa meza, kwa chini, na pua yake inaingia mferejini. Pua inauzuia uso usinyanyuke. Lakini uso ukipanuka au kusinyaa, pua inateleza ndani ya mfereji, hakuna anayegombana na mwenzake. Gundi hapo haikutiwa hata tone. Katikati tu, kwenye ubao mfupi wa kila mwisho, akaweka skrubu moja iliyokazwa, ili uso upanuke sawasawa kulia na kushoto.

"Mbona umeacha mwanya hapa?" akauliza mdogo mtu, kidole kikiwa kati ya kibanio na fremu.

"Huu ni mwezi gani?"

"Wa Tisa."

"Mvua bado?"

"Bado."

"Basi sasa hivi mbao iko katika wembamba wake wa mwisho. Mvua ikija itapanuka, na hiki kibanio kitasogea kuelekea fremu. Nikikigandisha leo, mwezi wa Pili kitasukuma nini?"

Mtoto akafikiri, akasema: "Fremu." Mwanya ulikuwa wa milimita tatu. Angeitengeneza mwezi wa Tatu, angefanya kinyume.

Mama alitaka uso ufunikwe vigae, kwa sababu amesikia mbao hutunza vijidudu. Si neno la ajabu, wengi wanaliamini. Lakini mwaka 1994 mtafiti Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha majaribio yao ya mbao na plastiki za kukatia nyama. Bakteria waliowekwa kwenye mbao walinyonywa ndani, na baadaye hawakuweza kupatikana tena juu yake wakiwa hai kwa wingi. Plastiki mpya ilisafishika vizuri, ila yenye michirizi ya kisu iliwahifadhi. Hiyo haina maana kwamba usioshe. Osha kwa maji moto na sabuni, futa, acha pakauke, na kuku mbichi mkatie kwenye kibao chake. Vigae havikununuliwa.

Uso ukapigwa msasa, wa kukwaruza kwanza na laini mwishoni, halafu ukapakwa mafuta ya kitani yasiyotiwa dawa ya kuharakisha kukauka, yamechanganywa na nta ya nyuki kutoka Singida. Bibi alipendekeza mafuta ya nazi. Ni mazuri kwa nywele, lakini hayagandi kwenye mbao. Hubaki mabichi na baadaye huvunda. Ya kitani hushikana na hewa, yakawa ngozi ngumu.

Na kwa kuwa hushikana na hewa, hutoa joto. Hili mlisikilize vizuri kuliko yote niliyosema. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikifinyangwa na kutupwa kwenye pipa, joto lake halina pa kutokea. Linapanda, linapanda, na kitambaa kinaweza kuwaka bila kiberiti, saa nyingi baada ya watu kwenda kulala. Vitambaa vya Mjomba vilianikwa kwenye kamba kimoja kimoja, mbalimbali, mpaka vikakauka vikawa vigumu.

Meza ikaingia jikoni, ikapita mlangoni kwa shida kwa sababu, unajua, mlango hawakuupima. Binti akalala chali chini yake na penseli. Akatia alama mbili, moja kila ukingo, akapima kati yake kwa futi ya chuma, akaandika kwenye mbao kwa chini: Septemba, milimita 698. Mwezi wa Tatu, mvua zimekolea, akalala chali tena, akapima palepale, akaandika chini ya mstari wa kwanza: Machi, milimita 702.

Mdogo wake akataka kupima na mlango wa chooni, ambao tangu mvua zianze umegoma kufunga. Baba yao alikuwa ameshatoa randa aupunguze ukingo. Mtoto akamnyang'anya, akampigia Mjomba simu, na Mjomba akamwambia Baba asubiri hadi mwezi wa Saba: akiuranda sasa, kiangazi kikija atabaki na mwanya wa kupitisha mjusi.

Kwa hiyo mpaka leo choo chao kinafungwa kwa kusukumwa kwa bega.